Pilau Iliyopoa Ikingoja Mtu wa Birika

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka lazima nitafute pa kukaa kwanza, maana kicheko kikimkuta mzee amesimama kinaweza kumwangusha. Ni siku watu walipokuja kuniposa hapa Kasongo. Siku hiyo watu walikula njama, na pilau ikawa ya mwisho kuliwa.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo mlezi wangu alikuwa kaka yake, Baba Mkubwa Sefu. Alikuwa na duka la vitenge karibu na soko, alikuwa na ndevu zilizochanwa vizuri, na alikuwa na asili. Watu wengine wana mbuzi. Yeye alikuwa na asili. Ukimpa salamu tu, kabla hujauliza habari za nyumbani, ameshaanza safari: Sefu bin Salumu, bin Abdala, bin Nasoro, anaendelea hivyo mpaka anavuka bahari, anashuka Omani, anapumzika hapo kidogo, ndipo anakuuliza, "Na weye, habari?" Rangi yake ilikuwa kama yangu hii unayoiona, nyeusi ya chungu kilichopikiwa sana, lakini yeye alisema ni jua la nchi yetu hii ya Maniema ndilo lililomharibu. Sikukuu alivaa joho na kufunga jambia kiunoni. Jambia lile halikuweza kukata papai. Nalijua vizuri, maana nilijaribu.

Sasa lazima nikueleze jambo ambalo ninyi vijana mnalisikia nusu nusu. Katika mji wetu kulikuwa na neno moja zito kuliko gunia la mpunga, nalo ni mungwana, yaani mtu huru, mtu mwenye nasaba ya kuhesabika. Neno la kinyume chake halikutamkwa. Hukusikia mtu akisema fulani kizazi chake ni cha watumwa. Tulikuwa wastaarabu sana kwa hilo. Tulisema tu, "Ni mutu wa birika."

Unajua kwenye harusi, matanga na maulidi, kabla ya kula, mtu hupita na birika la maji na beseni akiwanawisha wageni mikono. Kwingine ni heshima tu, na kijana yeyote mwenye adabu huifanya kazi hiyo. Lakini mtaani kwetu waliopita na birika walikuwa watu wa nyumba moja, nyumba ya Mzee Juma, mtu mpole aliyekuwa na sauti ndogo na miguu mirefu. Babu yake aliletwa na msafara enzi zile za biashara ya watu na pembe, akaachwa Nyangwe pale mtoni, kisha watoto wake wakahamia hapa. Ndiyo sababu nyumba yake ilishika birika kizazi baada ya kizazi. Ungemwuliza mtu kwa nini ni wao tu, angekuambia "ni desturi", kisha angegeukia mambo ya mvua.

Mungu naye ana mzaha wake. Mzee Juma alikuwa na mtoto wa kiume, Ramazani, fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza la duka moja njiani kwenda sokoni, nami nikampenda. Mwanamume anayeweza kupima kiuno chako kwa macho bila kukugusa, mwanangu, huyo si wa kuwaachia wengine. Tulipendana kwa vitambaa. Kila wiki nilikuwa na nguo iliyochanika. Koko, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake Baba Mkubwa, alisema hajaona nyumba yenye panya wanaopenda nguo za msichana mmoja tu.

Ramazani alipotuma salamu za kutaka kuja kuniposa, Baba Mkubwa alicheka kwanza, kisha akakasirika, kisha akahesabu babu zake ili atulie. Akasema kabla binti wa watu wa Omani hajaolewa na birika, mto Lualaba utapanda kurudi mlimani. Tena alikuwa tayari ana mtu wake huko Kindu, mzee mwenye nasaba ndefu na meno machache, aliyekuwa akitafuta mke wa tatu. Nililia mpaka Koko akanipa ndoo, akaniambia kama ni maji basi yasipotee bure.

Hapo ndipo anaingia Profesa Anselmi.

Miaka ile, baada ya Wabelgiji kuondoka, shule zilikuwa hazina walimu, na wakaja watu kutoka Haiti kutufundishia watoto. Haiti ni nchi ya kisiwa, ng'ambo ya bahari kubwa, upande wa Amerika. Profesa Anselmi alifundisha katika shule ya mapadri. Alikuwa mweusi kuliko sisi sote, lakini alizungumza Kifaransa cha kumfanya padri mwenyewe anyooshe mgongo, alivaa karavati, yaani tai, hata siku za joto la kuua, na alikula sombe, kisamvu chetu, kwa kijiko. Watu wakamwita Muzungu Mweusi. Suruali zake zilishonwa na Ramazani, na kwa kuwa zilichanika mara kwa mara kwa sababu ya baiskeli, wakawa marafiki.

Ramazani akapata wazo. Baba Mkubwa anapenda ukubwa. Basi tumletee mshenga mkubwa. Mtu mwenye karavati na Kifaransa akikaa mbele ya posa, nani atakumbuka birika? Wakamweleza Profesa kwamba atakuja kama mkuu wa ujumbe, atabasamu, aseme yeye ni profesa, na asiongeze neno. Hawakumweleza mambo ya birika, maana waliona haya. Hapo ndipo njama ilipotoboka, mwanangu, kwa sababu ukimtuma mtu vitani mwambie vita ni vya nini.

Ujumbe ulipofika, Baba Mkubwa alikuwa amekataa kuwapokea mpaka dakika ile alipoona karavati inashuka kwenye baiskeli. Alibadilika uso. Alivaa joho na jambia lake la sikukuu, akafungua mlango wa baraza mwenyewe, akatandika zulia zuri, akamkalisha Profesa karibu naye kwenye mto wa hariri, na kina Mzee Juma wakakaa kule mwishoni penye mkeka. Mimi na shangazi zangu tulikuwa ndani, nyuma ya pazia lenye tundu. Tundu hilo nililitoboa mimi asubuhi.

"Musie Profesa," alisema Baba Mkubwa, "karibu sana. Mutu wa asili anajulikana hata kwa viatu. Weye ni mungwana mukubwa, nimeona."

"Merci," alijibu Profesa, akatabasamu kama alivyofundishwa.

Baba Mkubwa akamsomea nasaba yote, mpaka Omani. Profesa aliitikia kwa kichwa kila babu alipotajwa. Ramazani alianza kupumua. Hata mimi nilianza kujiona nimevaa nguo ya harusi. Kisha shangazi wakatoa pilau.

Pilau hiyo niliipika mimi kwa ruhusa ya Koko, kwa mchele wa Kasongo na mbuzi mzima. Ikawekwa katikati kwenye sinia, inafuka. Pembeni yake likawekwa beseni, na ndani ya beseni lile birika. Watu wakakunja mikono ya kanzu, wakangoja.

Wakangoja.

Macho ya watu wa nyumbani yakaanza kwenda kule mwishoni, kwa Mzee Juma. Yeye naye, kwa mazoea, akainuka nusu. Ramazani akamvuta kanzu kutoka nyuma, mzee akaketi. Alikuwa mgeni. Mgeni wa posa hanawishi watu, yeye ndiye hunawishwa. Sasa nani atamnawisha? Binamu zangu walitazamana wakaanza kuchunguza dari. Yeyote atakayelishika birika leo, kesho mtaani ataitwa nani? Na kwenda kunawa kila mtu peke yake kwenye mtungi ingekuwa kukiri mbele ya wageni kwamba nyumba ya Omani haina mtu wa kumwagia maji. Ndipo nilipoona jambo la ajabu ambalo nadhani limewahi kutokea kwetu tu: wanaume wazima wamekaa mbele ya chakula, wana njaa, maji yapo, mikono ipo, na hakuna anayeweza kula, kwa sababu mtu pekee anayeruhusiwa kushika birika ameketi mahali pa wageni.

Baba Mkubwa, ili kujaza muda, akaisoma nasaba mara ya pili. Mvuke ukapungua. Nikaona mafuta yanaanza kuganda kando ya sinia, nikajua na ndoa yangu inaganda pamoja nayo. Mjomba mmoja akakohoa. Nzi akatua juu ya nyama ya paja, na hakuna aliyemfukuza, maana kila mtu aliogopa mkono wake usije ukafika karibu na birika.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Profesa Anselmi akavumilia mpaka babu wa nne wa safari ya pili, kisha akasimama.

"Pardon," alisema, "mimi iko na njaa." Akaliokota birika.

"Hapana! Hapana, Musie Profesa!" Baba Mkubwa aliruka kama aliyeona nyoka. "Weye hapana kushika ile!"

"Juu ya nini?"

"Ile ni kazi ya watu fulani."

"Watu gani?"

Baba Mkubwa akajifuta jasho kwa kona ya joho. "Watu," alisema kwa sauti ya chini, "wenye babu zao walikuwa... wa kununuliwa."

Mwanangu, laiti ungeuona uso wa yule mtu! Uling'aa. "Ah, bon! Basi ni kazi yangu! Mimi ni mujukuu wa watumwa. Baba ya babu ya babu yangu aliuzwa sokoni sawa mbuzi. Sisi wote kule Haiti ni hivyo. Kisiwa kizima!"

Alilisema kwa kifua mbele, kama mtu anayetangaza kwamba gavana ni shemeji yake. Mjomba mmoja alipaliwa na mate. Ramazani akajifunika uso kwa viganja. Mshenga tuliyemleta alifiche birika ndiye aliyelishika na kulipiga kama ngoma. Nyuma ya pazia shangazi yangu alinifinya akasema, "Kwisha," nami nikaona sura ya yule mzee wa Kindu akinitabasamia bila meno.

"Lakini weye ni Profesa!" Baba Mkubwa alilalamika, kama mtu aliyeuziwa punda aliyepakwa rangi. "Unavaa karavati!"

"Babu zangu walivaa munyororo, mimi navaa karavati. Shingo ni ile ile."

"Na hauna haya?"

"Haya ni ya mwenye kununua watu," alisema Profesa. "Babu zangu walisimama, wakapigana na mabwana zao, wakawafukuza mupaka kwa bahari. Watu wa kutoka kwa wafalme ni wengi. Mimi natoka kwa watu waliokata kamba yao wenyewe."

Kisha, akiwa bado ameshika birika, akaketi tena, na uso ukapungua mwanga. Akatuambia hawezi kujisifu sana, maana hata wao walimfukuza bwana lakini wakaibakisha fimbo yake ya kupimia. Kwao mwenye damu ya Mzungu kidogo alijiona juu ya mweusi kabisa. Bibi yake mzaa baba alikuwa na rangi ya maandazi, akakataa mwanawe asimwoe mama yake Profesa kwa sababu alikuwa mweusi kama mkaa. Wakaoana kwa kutoroka. Miaka ikapita, bibi yule akasafiri kwenda Ulaya, amevaa glavu na kofia, akaenda kupanga chumba. Mwenye nyumba akafungua mlango, akamtazama bibi, akamtazama mtumishi wake mweusi aliyebeba sanduku, akasema, "Hatupangishi watu kama ninyi," akafunga. "Bibi yangu alisimama pale," Profesa alisema, "kwa mara ya kwanza yeye na mutumishi wake wakiwa kitu kimoja." Akatuambia huko ng'ambo mpaka siku ile mlango huo ulikuwa bado unafungwa, kwake yeye pia, karavati na yote.

Akamgeukia Baba Mkubwa kwa upole. "Sisi walitupitisha mulango wa magharibi wa bara hili. Watu wa hapa walipitishwa mulango wa mashariki. Nimesoma. Sasa nauliza, maana kuuliza si ujinga: ninyi mulikuwa upande gani? Wenye kuuzwa, ao wenye kuuza?"

"Sisi?" Baba Mkubwa alitafuta neno kama mtu anayetafuta kiatu gizani. "Sisi waungwana. Hatukuuza, hatukuuzwa. Sisi tulikuwa... tunapita tu. Na mizigo."

"Na mizigo ilibebwa na nani?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilikuwa na hakika kwamba sasa hata Ramazani akirudi na shehe mkuu, hapewi mke katika nyumba hii. Ndipo niliposikia fimbo ya Koko nyuma yangu. Alikuwa amekaa jikoni wakati wote akichambua mawe kwenye mchele wa kesho. Akanisukuma pembeni, akavuta pazia, tundu langu na yote, akatoka barazani kwa wanaume.

"Pilau imelala," alisema. "Muko munangoja nini? Mvua?"

"Mama, rudi ndani," Baba Mkubwa aliomba. "Haya ni mambo ya asili."

"Njo maana nimetoka. Sefu, unahesabu baba zako sawa mutu mwenye kuhesabu mbuzi zake. Sasa hesabu mama zako."

"Mama yangu ni weye."

"Na mama yangu mimi?"

"Bibi Zafarani," alisema Baba Mkubwa, akaweka mkono kifuani, "mwanamuke wa heshima sana."

"Zafarani!" Koko aliketi juu ya mto wa hariri bila kuombwa. "Ni mama gani anazaa mutoto, anamutazama, anamuita kiungo cha pilau? Ile jina alipewa na mutu aliyemununua, sababu ile mutu alipenda kula. Jina lake lilikuwa Wabiwa. Mubangubangu wa kule Kabambare, upande wa Wamaza. Walimukamata akienda kuteka maji, ndoa yake ilikuwa imebakia wiki moja. Wakamuleta hapa na kamba kwa shingo. Na ile birika munayoiogopa kama jini, Sefu, wa kwanza kuipitisha kwa baraza hii alikuwa yeye. Aliosha mikono ya babu zako mupaka mikono yake ikakunjamana. Mimi ni mutoto wa mutu wa birika. Na weye nilikuzaa mimi, nakumbuka vizuri, ulikuwa na kichwa kikubwa."

Koko hakupandisha sauti. Alikuwa anaongea vile vile alivyokuwa akiagiza chumvi.

"Babu zako walikuja na bunduki, na vitambaa, na ushanga. Wanawake hawakuwa kwa ile mizigo. Kila mama wa ile nasaba yako alipatikana hapa, na haukuuliza kwa njia gani. Basi Musie huyu ameuliza kama sisi ni wenye kuuza ao wenye kuuzwa. Tuko wote wawili, Musie. Wanalala ndani ya ngozi moja, na usiku wanagombania blanketi."

Baba Mkubwa akajaribu kuketi vizuri, mpini wa jambia ukamdunga tumboni, akamlilia mama yake kwa Kibangubangu safi. Sio Kiarabu, mwanangu. Mtu akichomwa ghafla hulia kwa lugha ya aliyemnyonyesha. Watu wakaangua kicheko, lakini Mzee Juma hakucheka. Alikuwa anamtazama Koko kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Na Profesa naye hakucheka. Aliweka birika chini. "Koko," aliuliza, "sema tena jina la mama yako."

"Wabiwa."

Akalirudia polepole. Kisha akasema yeye anajua jina la mji ilikotoka meli iliyowabeba babu zake, analijua na la shamba la miwa, na jina la bwana analijua sana kwa kuwa ndilo analolitumia mpaka leo kwenye karatasi zake. Lakini jina la yule mama wa kwao aliyevushwa bahari, jina aliloitwa nyumbani kwao akiitwa kula, hakuna anayelijua. Limezama.

Koko akamgeukia. "Kama hauna bibi," akamwambia, "kamata huyu wangu. Wabiwa anatosha watu wawili. Alikamatwa akiwa peke yake. Mujukuu mwingine hatamukataa."

Yule mtu wa karavati akalia mbele ya wanaume wote, bila kujificha. Hapo sikucheka, na mpaka leo nikifika hapo sicheki.

Koko akamwacha alie kidogo, kisha akageuka. "Sefu. Kamata birika. Pilau ya mutoto wangu imekuwa mawe."

Baba Mkubwa alitazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna babu hata mmoja aliyekuja kumsaidia kutoka Omani. Akalishika birika kwa ncha za vidole, akachukua beseni, akatembea kule mwishoni kwenye mkeka, akainama mbele ya Mzee Juma.

Na hapa ndipo ilipotokea. Mzee Juma, aliyewanawisha watu wa mji huu tangu ujana wake, hakujua aweke wapi mikono yake. Kwanza aliinyoosha kulipokea birika. Baba Mkubwa akatikisa kichwa. Akaificha mgongoni. Akaitoa tena, akaigeuza viganja juu, akaigeuza chini, anamtazama mwanawe kama anayeomba msaada. Mikono ile ilikuwa imeshika maji ya kila mtu, lakini haijawahi kumwagiwa. Ramazani akamshika viwiko kwa nyuma, akamwekea mikono juu ya beseni, kama unavyomshika mtoto. Baba Mkubwa naye hakujua kumimina. Alimwaga yote kwa pamoja, akalowesha kanzu ya mzee, joho lake, zulia na nusu ya mjomba yule wa kukohoa. Wakatazamana wamelowa. Baba Mkubwa akasema, "Unisamehe, Mzee Juma." Ilikuwa juu ya maji, au ilikuwa juu ya mambo mengine, hakueleza. Mzee Juma akamjibu, "Iko muzuri, ndugu yangu." Alikuwa hajawahi kumwita ndugu.

Basi wakala. Pilau ilikuwa imeganda kama saruji, na sijaona watu wakila kwa furaha vile. Na kwetu, ukishamnawisha mtu kwa mkono wako mkala sinia moja, huwezi kumwambia kesho kwamba damu yake haifai. Baba Mkubwa alijua hivyo alipotia tonge la kwanza. Alimeza, akatafuna mfupa kwa muda, kisha akasema bila kumtazama mtu, "Harusi iwe baada ya mavuno ya mupunga." Nyuma ya pazia nilipiga kigelegele kabla ya wakati, nikapigwa kofi na shangazi, nikapiga kingine.

Nilikaa na Ramazani mpaka Mungu alipomchukua, na hakuna nguo yangu iliyochanika tena. Baba Mkubwa aliendelea kuhesabu babu zake. Mti mkavu haukunjiki. Ila alipofika Omani alianza kuongeza, "Hiyo kwa baba. Kwa mama ni Kabambare, na Kabambare njo kwenye kuko chakula." Nilimsamehe kwa hilo. Hata birika halikuacha mara moja kuwa la nyumba moja. Lilichukua miaka, na kuna nyumba hapa mjini ambazo mpaka sasa bado watu wanaangalia dari.

Ndiyo maana ninakusumbua na hadithi hii, mwanangu. Nawasikia ninyi vijana. Wanakuja watu kutoka mbali kutafuta dhahabu huko Kabambare, mnasema hawana asili. Binti anapendwa na kijana, mnauliza kwanza babu yake alikuwa nani, na hamuulizi kijana mwenyewe ni nani. Nyani haoni kundule, wala sisi hatuioni kamba iliyo kwenye shingo ya bibi zetu. Wazee walisema muungwana ni vitendo. Hawakusema muungwana ni Omani. Mtu akikuhesabia baba zake, msikilize kwa adabu, mpe hata chai, kisha mwombe akuhesabie na mama zake, na wewe fanya hivyo hivyo kwanza ukiwa peke yako, usije ukaumbuka mbele ya wageni.

Na ukijaliwa kufika huko ng'ambo wanakokwenda wenzako, utakutana na watu weusi kama wewe ambao babu zao walivushwa bahari. Usimtazame mmoja wao kama mtu aliyepotea njia. Hakupotea, alichukuliwa. Wala usimwambie sisi hatukuwamo, tulikuwa tunapita tu na mizigo. Tulikuwamo, upande huu na upande ule. Mwambie ukweli huo ukiwa umeketi naye, mkiwa mnakula, maana ukweli kama huo haufai kusikilizwa na tumbo tupu. Mlango atakaofungiwa yeye utafungwa na kwako, kwa mkono ule ule, na mwenye nyumba hatawauliza nani alipita magharibi na nani alipita mashariki. Kwa hiyo msigombane kizingitini. Shikaneni. Kama hana jina la bibi yake, usimcheke na usimhurumie kwa mbali; tafuta katika ukoo wetu, mgawie.

Haya, inama nikuwekee mkono. Mungu akupe riziki ya kukutosha wewe na mgeni. Akuepushe na kiburi cha nasaba, maana ni homa isiyo na dawa. Akupe wakwe wanaojua kucheka, na mkono usioona haya kumtumikia mtu wala kutumikiwa. Na popote utakapoishi, mwanangu, hata iwe mbali na Maniema kiasi gani, akujalie uitwe kwa jina ulilopewa na aliyekupenda. Amina.